Kutoka darasani hadi mwaloni: wiki moja na minyoo ya wanafunzi wa Ukerewe

Jumapili, Mwanza hadi Nansio

Mzigo wetu umekaa sitaha ya chini, katikati ya kreti za soda na magodoro ya abiria: hadubini mbili ndani ya masanduku ya mbao, katoni za vikopo vyenye vifuniko, slaidi, glavu. Chupa moja nimeishika mwenyewe. Ndani yake kuna vipande vya selofeni vilivyolala kwenye glisirini ya kijani tangu jana. Bila kulowana saa 24 havifai kitu, na chupa ikimwagika hapa njiani hakuna duka la Nansio litakalonirudishia.

Tunakwenda kupima choo cha wanafunzi wa shule za msingi, kisha kusaidia siku ya kingatiba, yaani kuwamezesha wanafunzi wote dawa kwa pamoja. Mimi ni wa maabara. Wenzangu ni wauguzi wawili na kijana mmoja ambaye kazi yake ni konokono.

Mama wa makamo aliyekaa kando yangu aliviangalia vile vikopo mpaka akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, hivyo ni vya nini?"

"Vya kupimia choo cha watoto shuleni, mama."

"Choo tu? Damu hamchukui?"

"Hatuchukui damu. Choo tu, na majibu mzazi anapewa."

Akakaa kidogo, kisha akauliza kama dawa zile hazifungi uzazi. Nilimjibu bila haraka, maana swali hilo lina haki ya kujibiwa na mtu aliyekaa chini. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni uliishia kwenye vurugu, wazazi wakakimbilia mashuleni kuwatoa watoto wao. Mzazi akipata habari ya kwanza kutoka kwa mtoto anayelia tumbo, hakuna mwalimu wala mganga atakayesikilizwa siku hiyo. Nilimwambia mama kuwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, imemezwa na mamilioni ya watu duniani kwa zaidi ya miaka 40, na wanaoimeza wanazaa kama kawaida. Akasema wajukuu wake wapo watatu shuleni, atawaambia wameze. Natumaini.

Niseme mapema tunachokitafuta, maana watu wengi huweka kila kitu kwenye kapu moja la minyoo. Kuna minyoo inayotokana na udongo: mchango mrefu, mnyoo mjeledi na safura. Halafu kuna kichocho, na hiki nacho ni cha aina mbili. Kile kinachojulikana zaidi ni cha mkojo, mtoto akikojoa damu. Huku kandokando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na choo kikubwa na ambacho kinaweza kukaa kwa mtoto miaka bila kumwonyesha mama yake tone la damu. Ziwa hili lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani yake. Watoto wa hapa wanajifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma.

Jumatatu, Nansio na shule ya kwanza

Asubuhi yote iliisha ofisini. Mganga mkuu wa wilaya, elimu msingi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na kila mahali kitabu cha wageni. Ni muda unaolipa: mtendaji wa kijiji aliyesaini asubuhi ndiye aliyetuma mgambo kuwaambia wazazi jioni.

Shule ya kwanza iko mwendo mfupi kutoka ziwani. Sitaitaja, wala zile nyingine. Mwalimu wa afya, mama mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa bila kupaza, alitusubiri na orodha yake tayari. Kabla sijagawa vikopo aliwauliza watoto wa darasa la nne: "Minyoo inaingiaje mwilini?"

Mikono ikapanda. Kula udongo. Kula maembe bila kuosha. Kula nyama isiyoiva. Kula sukari nyingi! Hili la sukari lilipigiwa kelele za kukubaliana na darasa zima, na nilijua limetoka nyumbani, kwa sababu nami nililisikia utotoni.

Hakuna aliyetaja miguu. Mwalimu akawaambia waangalie miguu yao chini ya madawati. Wengi walikuwa peku, baadhi na ndala, viatu vya kufunika vichache. Akawaeleza: mayai ya safura yakitoka na choo cha mtu yakaanguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi lava wake, yaani minyoo michanga, wanaweza kupenya ngozi laini ya kati ya vidole. Hakuna cha kula hapo. Mtoto anapita tu. Kisha lava wanasafiri na damu hadi mapafuni, wanapanda kooni, wanamezwa, na mwisho wanang'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu.

Mtoto mmoja wa nyuma akaviondoa vidole vyake sakafuni, akakunja miguu juu ya benchi.

Baada ya vikopo tulikwenda kuangalia vyoo. Mwongozo wa shule zetu Tanzania unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Hapa foleni ya mapumziko inatosha kukueleza kwamba hesabu hiyo iko mbali. Milango miwili ya upande wa wasichana haifungi. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kipo na kamba yake ipo, ila maji yalikuwa yameisha tangu mapumziko ya kwanza. Mwalimu mkuu hakuficha kitu wala hakulaumu mtu. Alisema udongo wa karibu na ziwa ni mchanga mtupu, shimo likichimbwa bila kujengewa kuta linabomoka mvua zikianza, na mchango wa wazazi hufuata msimu wa dagaa. Nilimwelewa.

Jumanne, chumba cha stoo

Maabara yetu ni stoo ya shule. Tumetoa majembe na mipira, tumetandika karatasi juu ya meza, hadubini zimekaa dirishani kupata mwanga.

Vikopo vilianza kufika kabla ya kengele, vingine vimefungwa kwenye jani la mgomba kwa aibu. Aibu hiyo iliisha haraka, kufikia saa nne walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani kuuliza cha nani kimekutwa na nini. Tuliwafukuza kwa upole. Jibu la mtoto ni la mtoto na mzazi wake.

Njia tunayotumia inaitwa Kato-Katz. Kato alikuwa Mjapani, na Katz ni Mbrazili ambaye mwaka 1972 pamoja na wenzake waliiboresha ikawa hii inayotumika duniani kote. Unaweka choo kidogo juu ya karatasi, unakibana kwa chujio dogo la wavu, kinachopenya juu unakikwangua kwa kijiti na kukijaza kwenye tundu la kibao maalumu. Tundu hilo linabeba miligramu 41.7, wala si zaidi. Unaondoa kibao, kinabaki kidonge kidogo kwenye slaidi, unakifunika kwa selofeni ya kijani, unageuza slaidi na kuikandamiza mpaka choo kitandazike kikawa chembamba kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia humo. Glisirini inasafisha, mayai yanabaki yakionekana.

Hapo ndipo saa inapoanza kukimbia. Mayai ya safura yana ganda jembamba sana. Glisirini ikiendelea kufanya kazi yake, baada ya saa moja hivi yanafifia na kutoweka kabisa, na msomaji aliyekwenda kunywa chai atarudi kuandika "hakuna". Mayai ya kichocho yanavumilia. Kwa hiyo tunasoma mara mbili: kwanza safura, harakaharaka, slaidi ikiwa bado changa, kisha baadaye tunarudi kwa kichocho. Nimeona taarifa ambazo safura ilikuwa ndogo mno kuaminika, na ninaamini mara nyingine ni saa tu iliyoila.

Kati ya minyoo ya udongo, tuliyoiona zaidi leo ni hiyohiyo safura. Mjeledi walionekana hapa na pale, yai lake kama pipa lenye vizibo pande zote mbili. Lakini kilichojaza daftari ni yai kubwa, refu, lenye mwiba ubavuni. Ukishauona mwiba huo mara moja hutamchanganya na mwingine. Ndiyo kichocho cha tumbo, kwa jina la kitaalamu Schistosoma mansoni.

Idadi ya mayai kwenye slaidi unaizidisha mara 24 kupata mayai kwa gramu moja ya choo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kichocho cha tumbo kuwa kikali kuanzia mayai 400 kwa gramu. Fanya hesabu: mayai 17 tu kwenye slaidi yanatosha kuvuka mstari. Kuna slaidi moja leo ambayo nilipita 17 kabla sijafika katikati. Niliisoma mpaka mwisho, nikampa mwenzangu airudie. Hesabu zetu zilikaribiana.

Mwenye slaidi hiyo ni mvulana wa darasa la tano. Mwuguzi alipomwita na kumlaza kwenye benchi, tumbo lilikuwa limejaa na alipobonyeza chini ya mbavu alilikuta ini mahali ambapo halipaswi kufika. Kiwambo cha ndani ya kope ya chini kilikuwa cheupe. Alijibu maswali yote kwa adabu, "ndiyo dada, hapana dada". Anachoka akikimbia. Tumbo linauma mara kwa mara. Choo wakati mwingine kina damu. Hajawahi kumwambia mtu kwa sababu wenzake nao wako hivyo.

Ningependa kila mzazi wa kando ya ziwa aelewe kinachotokea ndani ya mtoto huyu. Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, dume amemkumbatia jike, na wanaweza kuishi hivyo miaka kadhaa. Jike anataga mayai mamia kwa siku. Sehemu hutoka na choo, hayo ndiyo tunayoyahesabu. Mengine, kiasi cha nusu, hayapati njia. Yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo, na mwili unayazungushia kovu moja baada ya jingine. Makovu yakikusanyika miaka na miaka, damu inashindwa kupita kwenye ini, inatafuta njia za pembeni, mishipa ya chini ya koo inavimba, na siku moja inapasuka. Mtu mzima anatapika damu. Katika visiwa hivi utasikia jina la mtu aliyekufa hivyo, na mara nyingi utaambiwa alirogwa. Aliyemroga aliingia kupitia ngozi yake akiwa na miaka saba, akioga.

Safura nayo ina hesabu yake. Mnyoo mmoja wa jamii ya Necator hunywa kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Wawe mia, ni mililita 3 kila siku, karibu 90 kwa mwezi, kutoka kwa mtoto ambaye damu yake yote haizidi lita mbili na ambaye mara nyingi halali akiwa ameshiba.

Jumatano, siku ya dawa

Uji kwanza. Nilifurahi kukuta sufuria mbili kubwa zikichemka tangu alfajiri, na kamati ya wazazi ndiyo iliyoleta unga. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu inageuza siku nzima kuwa ya kutapika, na kutapika ndiko kunakozaa uvumi.

Mizani haikuhitajika. Kuna fimbo ya kupimia urefu iliyochorwa mistari, mtoto anasimama, anasomwa. Kuanzia sentimita 94 anapata kidonge 1, kuanzia 110 kimoja na nusu, 125 viwili, 138 viwili na nusu, 150 vitatu. Vidonge ni vikubwa, vya miligramu 600, na vikikaa mdomoni ni vichungu kweli. Walimu wamejua: maji yawe mkononi kabla ya kidonge. Albendazoli ya minyoo ya udongo ni kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa kila mtoto, hiki kinatafunwa na hakina ugomvi.

Kila mtoto alimeza mbele ya mwalimu, akafungua mdomo, akainua ulimi. Kijana mmoja alikificha kidonge shavuni, mwalimu wa afya akamwangalia bila kusema neno mpaka akameza.

Baada ya kama saa moja wachache walishika matumbo. Kizunguzungu, kichefuchefu, mmoja alitapika. Wauguzi waliwalaza chini ya mwembe, wakawapa maji, na mwalimu mkuu akatembea kutoka darasa moja hadi jingine kueleza kwamba mara nyingi anayeumwa sana ndiye aliyekuwa na minyoo mingi, ikifa inaleta vurugu, itapita. Mvulana wa slaidi ile alikuwa miongoni mwao. Mchana alikuwa anacheza.

Wakati foleni inakwisha alifika msichana wa darasa la sita, amechelewa, mgongoni amebeba mdogo wake wa miaka kama mitatu. Mama amekwenda kuanika dagaa, hakuna wa kumwachia. Alimeza dozi yake vizuri. Kisha akauliza, "Na huyu?"

Huyu hayumo kwenye orodha. Kingatiba ya shuleni imeundwa kwa wenye umri wa shule, wakati mtoto anayebebwa hadi ziwani anaogeshwa kwenye maji yaleyale tangu hajaota meno. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza tiba ya kichocho ianzie umri wa miaka 2, na Desemba 2023 kidonge kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo, kinachoyeyuka kwenye maji, kilipata maoni ya kukubaliwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya. Hapa shuleni leo hakipo. Mwuguzi wetu alimwandikia msichana karatasi ampeleke mdogo wake zahanati, ambako wanaweza kumpima uzito na kumpondea dozi yake.

Jioni tulipolinganisha orodha ya dawa na rejista, walikosekana wengi, hasa wavulana wa madarasa ya juu. "Wako wapi?" nilimuuliza mwalimu wa afya.

"Mwaloni," akasema, yaani ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia. "Twende kesho, utawaona wote."

Alhamisi, mwaloni

Mwalimu wa afya aliwaona kabla yangu, akawaita majina mmoja mmoja.

Wavulana walikuwa ndani ya maji hadi mapajani, wakikumba maji kutoka kwenye mitumbwi na kushusha ndoo za dagaa. Wasichana walikuwa wakisugua sufuria kwa mchanga, miguu ziwani. Mitumbwi ya karabai hurudi alfajiri, na dagaa hawasubiri: wakichelewa kuanikwa wanaoza. Kwa hiyo siku ya samaki wengi ni siku ya utoro, na kila mwalimu wa visiwani analijua hilo. Watoto wanaokaa majini zaidi ndio wanaokosa shule zaidi, na ndio wanaokosa dawa. Nimelisoma hili mara nyingi kwenye ripoti. Kulisikia likisomwa kama mahudhurio ya darasa, majina juu ya mchanga, ni jambo jingine.

Mwenzetu wa konokono alivaa buti za mpira hadi mapajani na glavu ndefu, akaingia kwenye matete na kichujio cha mpini mrefu. Alipokipandisha, kati ya majani yaliyooza walikuwamo vikonokono vya kahawia, bapa, waliojiviringa, wadogo kuliko kitufe cha shati. Hao ni jamii ya Biomphalaria. Aliwaweka wachache kwenye vikombe vya glasi vyenye maji masafi na kuviacha juani.

Wakati tunasubiri nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa akipindua dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kutukataza kuoga?"

"Hapana mama. Maji ndiyo hayahaya."

"Basi mseme tufanyeje."

Nilimweleza ninachoamini kinawezekana. Maji ya kuogea yakitekwa na kukaa kwenye ndoo au pipa siku mbili, lava wa kichocho waliomo wanakufa wenyewe, maana hawaishi bila kumpata mtu. Yakichemshwa, vilevile. Watoto wakilazimika kuingia ziwani, asubuhi mapema ni afadhali kuliko mchana, kwa sababu konokono wa kichocho cha tumbo humwaga lava wengi zaidi jua likiwa kali. Na choo. Alinisikiliza mpaka hapo, kisha akanyoosha mkono kuuzungusha mwalo mzima.

"Niambie choo kiko wapi."

Hakuna. Kuna mitumbwi mingi, vibanda vya wavuvi wa dago wanaokuja msimu huu na kuondoka ule, mabanda ya chai, vichanja vya dagaa, na nyuma yake vichaka. Mvua ikinyesha, vilivyomo vichakani vinashuka ziwani. Yai likigusa maji linaanguliwa, lava wa kwanza anamtafuta konokono, anakaa ndani yake wiki kadhaa akizaliana, na kutokana na huyo mmoja wanatoka maelfu.

Mwenzetu alituita. Kwenye kikombe kimoja maji hayakuwa matupu tena. Ukikishika dhidi ya kitu cheusi unaona vijidoa vyeupe vikipanda na kushuka, vikipanda na kushuka. Chini ya lenzi kila kimoja kilikuwa na kichwa na mkia uliogawanyika ncha mbili. Wavulana wa darasa la sita waliangalia kwa zamu. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza hawa wanachukua muda gani kuingia mwilini. Dakika chache, nikamwambia, na huwasikii. Akaangalia miguu yake, bado ina maji.

Wavuvi wazima walikuwa wamekaa kivulini wakishona nyavu. Nikamwuliza mmoja, mtu wa miaka arobaini hivi, mara ya mwisho kumeza dawa ya kichocho. Akasema alipokuwa darasa la saba. Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi: tunawamezesha watoto kila mwaka, halafu tunawarudisha kwenye ziwa linalochafuliwa na baba zao na kaka zao ambao hakuna anayewafuata. Kidonge kinaua minyoo mikubwa iliyomo. Hakizuii mingine kuingia wiki inayofuata, wala hakiui ile michanga iliyopenya siku chache kabla ya dozi. Mtoto tuliyemsafisha Jumatano anaweza kuwa amepokea wapya Alhamisi mchana.

Sisemi kingatiba haina maana. Mayai yakipungua kwenye ini la mtoto, hata kwa miezi, ni kovu ambalo halikuwekwa, na watu wanaotapika damu wanapungua. Ninachosema ni kwamba shule peke yake imebebeshwa mzigo wa mwalo mzima.

Tuliwapa dawa watoto waliokosa jana palepale, baada ya kula viazi walivyoletewa na mama mwenye banda la chai. Mwalimu aliweka alama kwenye rejista akiwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Ijumaa, Ukara

Kivuko kutoka Bugolora hadi Bwisya, kwenye kisiwa cha jirani cha Ukara. Kila mtu anayevuka hapa anaikumbuka Septemba 2018, na abiria waliozama na kivuko cha MV Nyerere wakiwa wamekaribia kufika. Watu walinyamaza karibu na gati.

Kazi ilikuwa ileile, slaidi zilezile, stoo nyingine. Matokeo hayakutofautiana sana na ya Jumanne.

Mwalimu mkuu wa huku aliniuliza swali ambalo wachache huliuliza: mtoto akitibiwa minyoo, alama zake za mtihani zinapanda? Nilimsimulia utafiti wa ng'ambo ya ziwa, wilayani Busia, Kenya, ulioanza mwaka 1998 katika shule 75. Michael Kremer, aliyeuongoza na Edward Miguel, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili kwa kazi zao za kupambana na umaskini. Kremer na Miguel waliona utoro ukipungua kwa robo, na hata watoto wasiomeza dawa katika shule za jirani wakanufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Alama za mtihani hazikupanda. Baadaye watafiti wengine walizirudia hesabu zile na ubishi haujaisha.

Mwalimu akafikiri. "Kwa hiyo anakuja shuleni. Alama ni kazi yangu," akasema. Sijasikia jibu bora zaidi.

Jumamosi, kikao cha kijiji

Tulirudi kwenye kijiji cha kwanza. Ofisi ya mtendaji ilijaa: mwenyekiti, viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa mwalo, mwalimu mkuu, mwalimu wa afya, nesi wa zahanati, wenye mitumbwi wachache, na akina mama wa dagaa ambao hawakualikwa lakini walikuja.

Tulisoma matokeo ya jumla bila jina la mtoto yeyote. Kisha mwenzetu akakipitisha kikombe cha konokono, na kazi yangu ikawa nyepesi zaidi.

Ubishi ulikuwa juu ya choo cha mwalo. Wenye mitumbwi walisema wavuvi wa dago hawakai, kwa nini wenyeji wawajengee. Mama yule wa dagaa akasimama: "Wanapokwenda wao, mavi yanabaki. Na anayeingia majini ni mwanangu." Fundi mmoja akasema mchanga hauzuii choo, unazuia shimo la kuchimba tu. Shimo likijengewa matofali na kuinuliwa juu ya usawa wa ardhi, mbali na mahali maji yanapofika wakati wa mvua, linasimama. Hoja ya gharama ilichukua muda mrefu na kuna maneno makali yalisemwa. Mwishowe BMU ilikubali kutenga sehemu ya ushuru wa mwalo kwa ajili ya matundu manne, wenye mitumbwi walete mchanga na mawe, na mwenyekiti asimamie. Imeandikwa kwenye muhtasari, imesainiwa. Mwalimu wa afya aliomba nakala, na mimi nimeona jinsi anavyotunza orodha.

Msichana wa darasa la sita aliletwa zahanati na mama yake, mdogo wake akapimwa uzito, kidonge kikapondwa na kuchanganywa na uji mtamu. Alitema kijiko cha kwanza, akameza vilivyofuata. Mvulana wa darasa la tano baba yake amekuja mwenyewe. Ameelezwa kuhusu ini, amepewa rufaa ya kipimo cha utrasaundi, na tarehe ya kurudia choo baada ya wiki sita imeandikwa kwenye kadi, kwa sababu minyoo iliyokuwa michanga siku ya dozi itakuwa imekomaa na itahitaji dozi nyingine.

Vidonge vilivyobaki tumemkabidhi nesi kwa hesabu, amesaini. Alituambia hatawangojea wavuvi zahanati, maana hawatakuja. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ya karabai inaporudi na wote wako ufukweni kabla ya kwenda kulala, atakuwa mwaloni na fimbo ya urefu, na mama wa banda la chai amekubali kupika uji.